Jioni Nne za Kusoma Chanzo cha Kuua: Tathmini ya Darasa Moja Mjini Lamu

Mwezi uliopita nilimaliza darasa la jioni nne linalofanyika katika ghorofa ya juu ya nyumba moja kongwe ya mawe mtaani Mkomani, hapa Lamu, na kwa kuwa watu kadhaa wameniuliza kama ada yake inastahili kulipwa, nimeona niandike kwa urefu. Ada ni shilingi 1,800 kwa jioni zote nne, hulipwa kwa M-Pesa kabla ya jioni ya kwanza, na ndani yake mna kahawa, kaimati na kijitabu cha kurasa 40. Mada ni moja tu: kwa nini mwanadamu humwua mwanadamu mwenzake, na ni kwa kiasi gani jambo hilo limetokana na maumbile yake na historia ndefu ya viumbe waliomtangulia. Mwalimu ni mstaafu aliyesomesha baiolojia katika shule za sekondari za pwani. Sote tulimwita Maalim, nami nitamwita hivyo hapa.

Inafaa msomaji ajue nilikwenda na haja gani. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 22, sehemu kubwa Malindi, na katika muda huo nilipiga chapa majalada ya kesi za mauaji ambayo sikuwahi kuyahesabu. Sheria huuliza nani aliua, lini, kwa silaha gani na kwa dhamira gani, kisha hukumu hutolewa na jalada hufungwa. Swali la kwa nini kiumbe huyu mwenye ndoa, dini, majirani na haya ana uwezo wa kufanya jambo hilo halimo katika fomu yoyote niliyowahi kuijaza, na nilistaafu nikiwa nalo moyoni.

Jioni ya kwanza ilichelewa kuanza kwa dakika 40, kwa sababu projekta haikupatana na kompyuta, na tuliokuwa tumewahi baada ya swala ya Isha tulikaa kwenye mikeka tukitazama zidaka za ukutani. Tulikuwa watu wapatao 25, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Lakini Maalim alipoanza, aliianza mada mahali panapostahili, yaani Gombe, kwa jirani zetu wa Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Kwa zaidi ya miaka kumi ya mwanzo watu waliamini kuwa sokwe ni wanyama wapole wanaogombana kwa kelele zaidi kuliko kwa meno. Kisha kundi moja likagawanyika mawili, Kasakela upande wa kaskazini na Kahama upande wa kusini, na kati ya mwaka 1974 na 1978 madume wa Kasakela wakawamaliza madume wa Kahama mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza, aliyepewa jina la Godi, alivamiwa mwezi wa Januari 1974 alipokuwa akila peke yake mtini. Maalim alitusomea taratibu namna mashambulizi hayo yalivyokuwa: madume kadhaa hutembea kimya hadi mpakani, bila zile kelele walizozizoea, wakimkuta mmoja aliye peke yake humkamata, wengine wakamshika mikono na miguu, wengine wakamng'ata na kumpiga, kisha wakamwacha na majeraha yasiyopona. Hawakuwa na njaa, wala hawakuwa wageni kwa huyo waliyemwua, kwa maana walikuwa wamekua naye na kuchambuana manyoya naye kabla ya kundi kugawanyika. Ukumbi ulinyamaza kabisa alipofika hapo.

Kilichonifanya nimheshimu Maalim tangu jioni hiyo ni kwamba hakuiacha hadithi ya Gombe isimame peke yake. Alieleza kuwa wapo wataalamu waliodai kwamba ndizi ambazo watafiti waliwagawia sokwe ndizo zilizowaharibu, na kwamba ukatili ule ulikuwa matokeo ya mkono wa binadamu. Hoja hiyo ilijibiwa mwaka 2014, watafiti wengi walipokusanya kumbukumbu za miongo kadhaa kutoka jamii 18 za sokwe na jamii 4 za bonobo, nyani wa jamaa ya karibu ya sokwe. Kwa sokwe walipata matukio 152 ya kuuana, mengine yakiwa yameonwa kwa macho, mengine yakikadiriwa kutokana na ushahidi, na hayakuwa mengi zaidi mahali ambapo watu walikuwa wamewasumbua wanyama. Washambuliaji walikuwa madume kwa asilimia 92. Kwa bonobo, ambao wanaishi kusini mwa Mto Kongo na ambao udugu wao na sisi ni wa karibu sawasawa na ule wa sokwe, lilipatikana tukio moja tu, nalo la kushukiwa. Tarakimu iliyobaki kichwani mwangu ni nyingine: kwa kawaida washambuliaji walikuwa wanane kwa mhanga mmoja. Nitairudia baadaye, kwa sababu ndiyo iliyonifumbua macho.

Aligusia pia simba dume wanaoua watoto wa simba wanapoliteka kundi jipya, pamoja na kima wa Mlima Abu nchini India ambao Sarah Hrdy aliwachunguza katika miaka ya 1970 na kuona jambo linalofanana na hilo. Dume mgeni akishaua mtoto anayenyonya, mama hurudi mapema kwenye hali ya kupata mimba, na mtoto anayefuata huwa wa dume yule. Maalim aliliweka wazi kwamba mnyama huyo hajui hesabu hiyo wala hapangi. Ni kwamba waliokuwa na tabia hiyo waliacha watoto wengi zaidi, nao watoto wakairithi.

Hapa nina lawama yangu ya kwanza, nayo ni ya lugha. Maalim alitumia neno silika kwa mambo matatu yaliyo mbali moja na jingine: mwelekeo unaorithiwa kwa vizazi, msukumo wa ghafla wa mwili, na mazoea ya kundi. Matokeo yake, kijana mmoja alisimama na kusema kwamba ikiwa ni hivyo basi muuaji hana kosa, kwa sababu hiyo ndiyo silika yake. Maalim alitumia robo saa kumrekebisha, na alimrekebisha vizuri, lakini robo saa hiyo ingeokolewa kama kijitabu kingekuwa na ukurasa mmoja wa istilahi. Kwa watu wanaolipa kusikia sayansi kwa Kiswahili, jambo hili si dogo, maana neno likiwa bovu, hoja inayobebwa nalo hupotoka. Mwelekeo wa kurithi huweza kukaa mwilini maisha yote bila kutenda lolote hadi hali fulani ikutane nao. Silika, kwa masikio ya wengi wetu, ni kitu kisichozuilika.

Jioni ya pili ilihusu ubongo, homoni na jeni, na ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Umeme ulikatika mapema, Maalim akaendelea kwa taa ya chemli, na bila picha za ubongo wengi walipotea. Alieleza kuwa amigdala ni sehemu ndogo ndani ya ubongo inayopokea dalili za hatari na kuuamsha mwili, na kwamba gamba la mbele, nyuma ya paji la uso, ndilo linalopima na kuzuia. Alitaja uchunguzi wa mwaka 1997 ambamo Adrian Raine na wenzake walipima ubongo wa watu 41 walioshtakiwa kwa mauaji na kukuta kuwa sehemu hiyo ya mbele ilikuwa ikifanya kazi kwa udhaifu kuliko ya watu wengine. Kisha akaingia kwenye jeni inayoitwa MAOA, inayosaidia kuvunja kemikali zinazopeleka ujumbe ndani ya ubongo, kwa mwendo wa kasi mno. Kwa kuwa jambo hili limeenea kwa upotofu, nitalieleza kama nilivyolielewa. Mwaka 1993 ilitangazwa kwamba katika familia moja ya Uholanzi wanaume kadhaa wenye tabia za fujo walikuwa na kasoro adimu katika jeni hiyo. Mwaka 2002 uchunguzi wa vijana waliofuatiliwa tangu kuzaliwa mjini Dunedin, New Zealand, ulionyesha kuwa aina dhaifu ya jeni hiyo, ambayo ni ya kawaida kwa watu wengi, ilihusiana na ukatili hasa kwa wale walioteswa utotoni. Anayeuza habari kwamba jeni ya kuua imepatikana anaficha nusu ya pili ya matokeo, nayo ndiyo nusu inayomhusu mzazi na mwalimu. Maalim aliisema nusu hiyo kwa sentensi moja tu, wakati mimi naona ilistahili jioni nzima.

Jioni ya tatu ilikuwa ya mifupa. Umeme ulikuwepo, projekta ilitii, na picha zilikuwa safi. Tulianza na Raymond Dart, ambaye mwaka 1924 alipata fuvu la mtoto wa Taung huko Afrika Kusini, na ambaye baadaye alitangaza kwamba wahenga wetu walikuwa manyani wauaji waliotumia mifupa kama silaha. Nadharia hiyo ilienea ulimwenguni kabla ya mifupa yenyewe kuchunguzwa vya kutosha. Mtafiti C. K. Brain alipoichunguza upya alionyesha kuwa alama zilizodhaniwa kuwa za silaha zilikuwa za meno ya chui na fisi, na mtoto wa Taung mwenyewe anadhaniwa kuwa alichukuliwa na ndege mkubwa wa kuwinda. Kiumbe aliyeitwa muuaji alikuwa kitoweo. Nilipenda kwamba Maalim aliianza jioni hiyo kwa kosa la wanasayansi, kwa sababu baada ya hapo tulimsikiliza kwa uangalifu zaidi alipotuonyesha ushahidi ulio imara: fuvu la Sima de los Huesos nchini Hispania, lenye umri wa miaka ipatayo 430,000, likiwa na matundu mawili kwenye paji la uso yaliyopigwa kwa chombo kilekile, na makaburi ya Jebel Sahaba nchini Sudan, yenye umri wa zaidi ya miaka 13,000, ambako uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulikuta majeraha, mengine yaliyokwisha kupona na mengine ya kifo, kwa zaidi ya nusu ya watu 61 waliozikwa. Majeraha yaliyopona yanamaanisha kwamba watu hao walishambuliwa zaidi ya mara moja maishani.

Kisha tukafika Nataruk, katika nchi yetu wenyewe, magharibi mwa Ziwa Turkana, ambako mabaki ya watu wasiopungua 27 yalipatikana mwaka 2012. Walikufa miaka ipatayo 10,000 iliyopita kando ya ziwa, na kati ya viunzi 12 vya mifupa vilivyokuwa bado vimeungana, 10 vilikuwa na dalili za kuuawa, mmoja wa wafu hao akiwa mwanamke mwenye mimba kubwa. Hawakuzikwa na mtu. Maalim alilisimulia hili kama jambo lisilo na shaka, na binti mmoja anayesomea akiolojia akamwambia kwa adabu, «Maalim, wapo waliopinga, wamesema baadhi ya mafuvu yalivunjika baada ya kifo, na kwamba huenda watu hao hawakufa siku moja.» Maalim alikubali papo hapo, akasema kwamba wagunduzi walijibu pingamizi hizo, na kwamba yeye anawaamini wagunduzi lakini alipaswa kututajia pande zote mbili. Nakubaliana na binti yule, na nashauri pingamizi hilo liingizwe kwenye kijitabu.

Katika kijitabu hicho mna ukurasa mmoja unaostahili nusu ya ada peke yake. Unaeleza utafiti wa mwaka 2016 uliolinganisha spishi 1,024 za mamalia ili kukadiria ni vifo vingapi husababishwa na wanyama wa spishi ileile. Kwa mamalia wote kwa jumla ni vifo vipatavyo 3 katika kila 1,000. Mahali petu katika ukoo wa nyani panatufanya tutarajiwe kuwa na vifo 2 katika kila 100. Kwa hiyo tumetoka katika ukoo mkali, na hilo halifichiki. Hata hivyo wapo wanaotushinda, akiwemo mirikati, mnyama mdogo wa jamii ya nguchiro anayeishi kusini mwa Afrika, ambaye karibu kifo kimoja katika kila vitano hutoka kwa wenzake. Tena kiwango cha binadamu hakikutulia kwenye hiyo mbili: kimepanda na kushuka kulingana na zama na namna watu walivyojitawala. Maalim alikioanisha na takwimu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2017, ambapo watu wapatao 464,000 waliuawa duniani nje ya vita, yaani 6.1 kwa kila watu 100,000, ilhali bara la Asia lilikuwa na 2.3 na Amerika zote kwa pamoja 17.2. Mwili ni uleule na ubongo ni uleule, lakini tofauti ni zaidi ya mara saba.

Sasa niseme juu ya jioni ya nne, ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika. Maalim alileta tofauti iliyofafanuliwa kwa kina na Richard Wrangham, mtafiti aliyeishi miaka mingi na sokwe wa Uganda, kati ya ukali wa hamaki na ukali wa kupanga. Wa kwanza huja na damu iliyochemka, mara nyingi baina ya wawili, na hupita. Wa pili ni wa baridi: watu hukubaliana, hungoja, huchagua saa, na huhakikisha kwamba wao hawataumia. Sokwe ana wote wawili kwa wingi. Binadamu, ndani ya kundi lake, ana hamaki kidogo mno akilinganishwa na sokwe. Mamia yetu tunaweza kubanana katika jahazi moja hadi Mokowe bila mtu kung'atwa, jambo ambalo sokwe wasingeliweza. Lakini katika ukali wa kupanga tumemzidi kila kiumbe. Wrangham anakisia kwamba hayo mawili yana chanzo kimoja, kwamba kwa vizazi vingi watu walishirikiana kuwaua madhalimu wenye hasira waliokuwa miongoni mwao, hivyo tukazidi kuwa wapole kwa hamaki, na tukazidi kuwa hodari wa kula njama. Ni makisio, na Maalim aliyaita hivyo.

Nilipoyasikia hayo, majalada yangu yote yalijipanga katika mafungu mawili. Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinahusu kuua kwa dhamira ovu, cha 202 kinahusu kuua bila dhamira hiyo, na cha 207 kinampunguzia kosa aliyeua akiwa amechokozwa ghafla kabla hasira haijapoa. Kwa miaka 22 nilidhani mpaka huo ni ufundi wa wanasheria, kumbe unafuata ufa uliomo katika kiumbe chenyewe. Wale wa mangweni waliochomana visu kwa neno moja la kejeli, na ambao walikutwa asubuhi wakilia juu ya maiti, ni watu wa aina ya kwanza. Wale waliokwenda watano usiku kwa mzee mmoja ni wa aina ya pili.

Maalim alitumia mfano wa hapa kwetu, Vita vya Shela, vya mwanzoni mwa miaka ya 1810, wakati majeshi ya Mombasa na Pate yalipotua ufukweni kuiteka Lamu. Mapokeo ya mji husimulia kwamba washambuliaji walipovunjika walikimbilia majahazi yao na kukuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga, na kwamba hapo ndipo mauaji makubwa yalipotokea. Akatukumbusha wanane kwa mmoja wa jioni ya kwanza: pale hatari ya anayeua ilipokwisha, ndipo kuua kulipozidi. Kisha akageuza mfano huohuo upande wa pili. Mji huu ulikuwa umegawanyika kati ya Zena na Suudi, makundi yaliyogombana kwa muda mrefu, nayo yakasimama pamoja ufukweni siku ile. Sokwe wa Kasakela na Kahama hawakuwa na njia ya kurudi kuwa kundi moja. Sisi tunaweza kuuchora upya mpaka wa nani ni mwenzetu, kwa ndoa, kwa biashara, kwa kiapo, na wakati mwingine, kwa bahati mbaya, kwa kumpata adui mpya.

Katika maswali, mama mmoja aliyefiwa Mpeketoni katika mashambulizi ya Juni 2014, ambayo yaliua zaidi ya watu 60, alimwuliza Maalim kama haya yote yanamsamehe aliyefanya. Maalim hakumjibu kwa tarakimu. Alimpa pole kwanza, akamwambia kwamba aliyepanga alikuwa na siku za kupanga, na kila siku kati ya hizo angeweza kuacha. Na kwamba kisa cha Qabil na Habil kinaonyesha mtu aliyeonywa na ndugu yake kabla ya kuinua mkono, naye akauinua. Mama yule alisema, «Ahsante, Maalim, hilo ndilo nililotaka kulisikia,» na mimi sijawahi kusikia sayansi na msiba vikizungumzwa kwa heshima namna hiyo katika chumba kimoja.

Lawama yangu kubwa ndiyo hii. Tulipelekwa Gombe, Sudan na Turkana, lakini hakuna aliyetaja mauaji ya wazee wanaotuhumiwa uchawi katika Kaunti ya Kilifi, ambayo mara nyingi nyuma yake pana shamba la kurithiwa. Hakuna mfano ulio karibu nasi zaidi wa ukali wa kupanga: wengi kwa mmoja, usiku, mhanga akiwa amechaguliwa kwa udhaifu wake, na tuhuma ikiwa imetangulia ili kumtoa katika hesabu ya watu. Darasa linaloweza kusoma alama za meno kwenye mfupa wa miaka milioni moja linaweza pia kusoma jambo hilo. Nilimweleza Maalim tulipokuwa tukishuka ngazi, naye akaniomba nije niongoze kipindi cha saa moja kutokana na yale niliyoyaona mahakamani, bila majina ya watu. Nimekubali.

Kwa anayetaka kujiunga: fikeni kwa kuchelewa kidogo jioni ya kwanza, ulizeni maana ya kila neno silika linapotamkwa, na msiikose ya nne hata kama ya pili imewachosha. Watoto walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi, na kwa picha za jioni ya tatu naona ni sawa. Ngazi ni nyembamba na hazina mkono wa kushikilia, kwa hiyo wazee waje na mtu wa kuwasaidia. Darasa lijalo litakuwa na jioni tano, kwa ada ileile.